Kima wa Lavington na Jongoo wa Baharini

Asubuhi moja, katika nyumba iliyo karibu na kijito cha Kirichwa Ndogo, mtaani Lavington, upande wa magharibi wa mji wa Nairobi, kima dume aliingia jikoni kwa dirisha, akatwaa ndizi tatu na kipande cha mkate, akatoka kwa njia ile ile aliyoingilia. Mpishi alipogeuka hakuona ila mkia. Kwa watu wa mtaa huo habari hii si ngeni hata kidogo. Lakini siku ile nyumbani mle alikuwako mgeni, mzee mmoja mvuvi wa Gazi, katika Kwale, aliyekuja kumtazama binti yake, mke wa mtunza bustani wa hapo. Mzee alicheka mpaka akafuta machozi, kisha akasema, "Mkwe wangu, huyu hatakwisha duniani. Ana macho, ana mikono, tena ana akili ya kungoja mpishi ageuke. Wetu sisi hana hata kimoja. Ukiinama tu umempata."

Mkwe akauliza, "Wenu yupi, baba?"

Mzee akaingia chumbani, akatoka na kifurushi kidogo cha kitambaa. Ndani yake mlikuwa na kitu kikavu, cheusi, kigumu kama kuni, chenye urefu wa kidole cha kati cha mtu mzima. Watoto wakadhani ni kipande cha muhogo kilichoungua. Kumbe alikuwa jongoo bahari, aliyepasuliwa, akachemshwa na kukaushwa tayari kwa kuuzwa.

Wasomaji wengi wa bara hawajapata kumwona jongoo bahari, na wasomaji wengi wa pwani hawajui jinsi kima aishivyo katikati ya mji mkuu. Kwa hiyo yafaa tuwaeleze wote wawili, tuwaweke pamoja kama alivyowaweka mzee, tuone ni kwa sababu gani mmoja azidi kutusumbua na mwingine azidi kututoka.

Kima ni nani?

Kwanza tuondoe fujo la majina. Watu wengi wa Nairobi husema "nyani" kwa kila mnyama wa jamii hiyo aonekanaye juu ya mti, na hilo ni kosa. Nyani ni mkubwa, uso wake ni mrefu kama wa mbwa, naye hutembea sana chini. Tumbili ni mdogo, mwenye uso mweusi uliozungukwa na manyoya meupe. Mbega ni yule mweusi na mweupe mwenye mkia kama usinga. Kima tunayemtaja hapa mgongo wake ni wa rangi ya majivu iliyochanganyika na hudhurungi, mikono yake ni myeusi, na kooni ana weupe kama mtu aliyejifunga leso. Kwa weupe huo wataalamu walimpa jina la Kilatini lenye maana ya "koo jeupe". Waingereza humwita kwa jina la Sykes, afisa wa jeshi la Kampuni ya India aliyeandika habari zake mwaka 1831. Kima wa namna hiyo wako pia Unguja, na Diani, na katika magofu ya Gede karibu na Malindi, ambako wageni huwaona wakirukaruka juu ya kuta za mji wa kale.

Dume mzima huweza kufikia kilo saba au nane, na jike kilo nne hivi. Mkia wake ni mrefu kuliko mwili. Ndani ya mashavu yake ana mifuko, na ndiyo sababu mwizi wa jikoni huonekana kama mtu mwenye jino lililovimba: amekwisha kujaza shavu kabla hajatoka dirishani, akatafune baadaye mahali penye amani.

Habari nyingi tulizo nazo juu ya maisha ya wanyama hawa zimepatikana katika msitu wa Kakamega, ambako mtaalamu mmoja wa Marekani, Bibi Marina Cords, alianza kuwachunguza ndugu zao wa karibu mwaka 1979. Kazi hiyo imeonyesha kwamba kundi la kima ni mali ya majike. Bibi, mama na binti hubaki pamoja katika nchi waliyozaliwa mpaka kufa, na hao ndio walindao mpaka wao jirani asiuvuke. Dume kwa kawaida ni mmoja tu, naye ni mgeni aliyetoka kundi lingine. Kijana dume akishakua huondoka, akatangatanga peke yake mpaka apate mahali. Kwa hiyo yule aonekanaye ameketi peke yake juu ya ukuta wa Lavington, akiangalia madirisha moja moja kama mkusanya kodi, mara nyingi ni dume asiye na kwao.

Chakula chake cha asili ni matunda, majani machanga, maua na wadudu. Akila tunda huzitema mbegu au kuzimeza na kuzitoa mbali na mti wake, na kwa hiyo msitu hupandwa bila jembe. Mkulima na afisa wa misitu huenda wasimsifu sana, maana hubandua magome ya misonobari na miti mingine ya kupandwa, na shamba la mahindi lililo kando ya msitu hulijua vizuri. Hatusemi kwamba hana hatia. Twasema kwamba ana kazi yake.

Jike huzaa mtoto mmoja tu, baada ya kuchukua mimba karibu miezi sita, na huweza kupita miaka miwili au zaidi kabla hajazaa tena. Naye haanzi kuzaa mpaka awe na miaka sita au saba. Mtoto hubebwa tumboni pa mama, hufundishwa kwa macho lipi huliwa na lipi haliliwi, na akilia kundi zima huja. Dume akimwona tai hutoa mlio wa namna moja, na akiona hatari ya chini mara nyingi hutoa mlio wa namna nyingine, na wote husikia. Basi utajiri wa kima si wingi wa watoto. Utajiri wake ni malezi.

Jongoo bahari ni nani?

Hapa lazima tuende polepole, kwa kuwa kiumbe huyu ni kinyume cha karibu kila jambo tulilosema.

Jina lake limewapotosha wengi. Hana undugu wowote na jongoo wa shambani mwenye miguu mingi. Ndugu zake ni kiti cha pweza, yule mwenye mikono mitano, na wale wa miiba mieusi wachomao nyayo za wavuvi. Duniani wako majongoo bahari wa aina zipatazo 1,700. Katika maji yetu wavuvi huwatofautisha kwa majina yao wenyewe: yuko jongoo mchanga, akaaye penye majani ya bahari na mchanga laini, yuko pauni mweupe na pauni mweusi, wa maji ya kina na miamba, yuko spinyo mama, mwenye nundu nundu mwili mzima.

Mwili wake ni kama mfuko mrefu wa ngozi nene. Mbele ni kinywa, kilichozungukwa na vishikio vidogo. Nyuma ni tundu jingine. Hana kichwa, hana macho ya kuonea, hana ubongo. Ana pete ya mishipa ya fahamu kuzunguka kinywa, na hiyo humtosha. Hana mifupa kama yetu. Ndani ya ngozi mna chembe ndogo mno za chokaa ambazo hazionekani ila kwa darubini. Tena hupumua kwa tundu la nyuma: huvuta maji ndani, yakaingia katika mapafu yake yenye matawi kama mti, kisha huyatoa. Kuna samaki wadogo wembamba waliogundua mlango huo, wakaufanya nyumba yao. Hutoka usiku kutafuta chakula na kurudi ndani ya mwenyeji wao. Mzee wa Gazi alipoeleza haya, watoto wa Lavington hawakusadiki, nao hatuwalaumu.

Jambo jingine la kustaajabisha ni nasaba yake. Mtu angedhani kwamba pweza, mwenye macho makubwa na werevu mwingi, ndiye aliye karibu nasi zaidi. Lakini wataalamu, kwa kutazama jinsi yai linavyogeuka kuwa kiumbe na kwa kupima urithi ulio ndani ya chembe za mwili, wameona kwamba jongoo bahari na kiti cha pweza wako karibu zaidi na wanyama wenye uti wa mgongo kuliko pweza, kaa au nzige. Kima ni jamaa yetu wa karibu sana. Jongoo ni jamaa wa mbali, ukoo uliotengana nasi zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita. Hata hivyo ni jamaa.

Kazi yake ni moja. Hula mchanga. Mchanga huingia kwa mbele, uchafu wenye chakula uliomo ndani yake hubaki tumboni, na mchanga ulio safi hutoka kwa nyuma. Jongoo mchanga hujifukia sehemu ya siku, kisha hutoka na kuendelea. Kwa njia hiyo sakafu ya bahari hupinduliwa na kupata hewa, na mbolea atoayo huyalisha majani ya bahari, ambamo samaki wachanga hujificha na kukua. Mkulima ataelewa upesi tukisema kwamba jongoo baharini hufanya kazi ya nyungunyungu shambani. Hakuna mtu apandaye maua kando ya njia kwa ajili ya nyungunyungu, lakini udongo usio naye hujulikana.

Je, hana silaha? Anazo, ila ni za ajabu. Ngozi yake huweza kulegea kama uji na kukakamaa kama mpira mgumu, kama apendavyo. Aina nyingine hutoa nyuzi nyeupe zenye ulimbo ambazo humnasa kaa. Aina nyingine, zikishikwa kwa nguvu, hutapika matumbo yao yote nje, adui akashughulika na matumbo huku mwenyewe akijivuta kando. Na baada ya majuma kadhaa matumbo mapya humea ndani. Kwa kaa na samaki silaha hizi zafaa. Kwa mtu mwenye ndoo hazina maana yoyote.

Mamilioni yasiyokutana

Sasa tumefika kwenye kiini cha jambo. Tumesema kima huzaa mmoja mmoja kwa miaka. Jongoo jike mmoja huweza kutoa mayai kwa mamilioni. Mtu akipewa hesabu hizo mbili tu, aambiwe abashiri ni yupi atakayekwisha, bila shaka atasema kima. Lakini mambo yamekuwa kinyume, na sababu yake yastahili kufahamiwa na kila mtu aishiye kwa bahari.

Majongoo hawakumbatiani. Wakati ufikapo, jongoo huinua nusu ya mwili wake wima kama nyoka aina ya swila, akayumba yumba majini, akaachilia alichonacho: dume mbegu, jike mayai. Vitu hivyo hukutana vyenyewe katika maji. Ikiwa majongoo wako wengi na karibu karibu, maji huwa kama supu na mayai mengi hupata mbegu. Ikiwa mmoja yuko hapa na mwenzake yuko mwendo wa mamia ya hatua, mkondo huchukua kila kitu, na mamilioni yale hupotea bure. Jongoo hawezi kumwita mwenzake wala kumwona. Hawezi kusafiri kama kijana kima atafutaye kundi. Hutambaa mita chache kwa siku.

Hata yale mayai yaliyopata mbegu hugeuka viluwiluwi vidogo visivyoonekana kwa macho, vikapelekwa na maji muda wa majuma mawili hivi, vikiliwa na kila mwenye kinywa, mpaka vichache vikatua juu ya majani ya bahari. Hakuna mama wa kuvifundisha wala shangazi wa kuvibeba.

Kwa hiyo hesabu ya jongoo si kama hesabu ya kuku. Hatuwezi kusema, "Tumewachukua nusu, nusu iliyobaki itazaa nusu ya zamani." Wakipungua kupita kipimo, wale waliosalia huishi miaka, wanene na wenye afya, bila kuzaa kabisa. Mvuvi huwaona na kufikiri kwamba bado wapo, na kumbe ni wazee wasio na warithi.

Biashara

Sisi watu wa Afrika ya Mashariki hatuli jongoo bahari. Mzee wa Gazi alipoulizwa kama amewahi kumwonja, alikunja uso. Lakini Wachina humthamini tangu zamani kama chakula cha karamu na cha kuupa mwili nguvu. Jina lake kwao lalinganisha nguvu zake na ule mzizi maarufu wa dawa wa nchi yao. Kwa sababu hiyo wafanyabiashara wa pwani yetu wamekuwa wakimnunua na kumpeleka ng'ambo kwa miaka mingi. Leo jongoo mchanga mkavu wa daraja la kwanza huuzwa katika maduka ya Hong Kong kwa mamia ya dola za Marekani kwa kilo moja.

Mtu asidhani kwamba fedha hizo huja Gazi. Kazi ya kumtengeneza ni ndefu: hupasuliwa, hutolewa matumbo, huchemshwa, na jongoo mchanga hufukiwa mchangani ili ngozi ya juu yenye chokaa ilegee, kisha husuguliwa, huchemshwa tena, huanikwa juani. Mwishoni uzito wake haufiki hata sehemu ya kumi ya ule wa kwanza. Yule aliyemwokota wakati wa bamvua, maji yalipokupwa, mara nyingi humwuza mbichi kwa mnunuzi wa kijijini, na faida kubwa huwafuata wale wenye nafasi ya kungoja.

Mzee alisema kwamba alipokuwa kijana mtu alijaza ndoo kabla maji hayajaanza kujaa, na hakupita mbali na mahali alipoanzia. "Sasa hutembea kupwa nzima," alisema, "ukarudi na watatu, na watatu hao ni watoto." Mavuno mengi hupatikana nyakati za kaskazi, bahari inapotulia. Wale wa maji ya kina walivuliwa na wapiga mbizi, na baadaye kwa mitungi ya hewa, ambayo iliwamaliza majongoo mahali ambapo zamani kina chenyewe kilikuwa mlinzi wao, na iliwaacha baadhi ya vijana wakiwa viwete au maiti kwa kupanda juu upesi kuliko mwili uwezavyo kuvumilia. Kenya ilikataza uvuvi wa majongoo kwa mitungi hiyo mwaka 2003. Tanzania bara ilisimamisha biashara yao mwanzoni mwa miaka ya 2000, ingawa Zanzibar iliendelea. Mwaka 2013 wataalamu wa kimataifa walimwandika jongoo mchanga katika orodha ya viumbe walio hatarini.

Hapa yafaa tutazame tarehe mbili. Jamii yote ya kima, nyani, tumbili na mbega, kila aina duniani bila kubagua, iliwekwa chini ya mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama walio hatarini mwaka 1977. Pauni mweupe na pauni mweusi waliingizwa chini ya ulinzi huo mwaka 2020, na spinyo mama mwaka 2024. Kati ya tarehe ya kwanza na ya pili ni miaka 43. Hatudhani kwamba kuna mtu aliyewachukia majongoo. Ni kwamba kima akiumia hulia, na uso wake hufanana na wetu. Jongoo akichukuliwa, mchanga hubaki umelala vile vile.

Mtaa na miti yake

Turudi Lavington, maana huko nako kuna mashtaka. Watu husema kima wamezidi. Tujiulize wametoka wapi.

Mwaka 1899 mapadri wa Kifaransa wa Shirika la Roho Mtakatifu walianzisha misheni ya Mtakatifu Austin upande huo, na mashamba yao ya kahawa ni miongoni mwa ya kwanza katika nchi ya Kenya. Baadaye mashamba yakawa nyumba zenye bustani kubwa, kila moja na mparachichi wake, mpera wake na mkuyu wake wa kale. Kwa kima, hilo halikuwa kufukuzwa hata kidogo. Bustani za Lavington na Kileleshwa, pamoja na miti ya kando ya vijito, na ile bustani ya Arboretam iliyoanzishwa mwaka 1907 kujaribu miti ya kuni za reli, zilimpa karibu kila alichokihitaji. Siku hizi nyumba hizo zabomolewa moja baada ya moja, majumba marefu yanapanda, na miti hubaki kama utepe mwembamba kando ya maji. Kima hawakuongezeka kama tunavyodhani. Wamesogezwa karibu zaidi na madirisha yetu. Mahali palipokuwa na mparachichi sasa pana jiko, na matunda yamo ndani ya jiko.

Na hapa twapaswa kumsahihisha mzee wetu kwa heshima. Si kweli kwamba kima hawezi kwisha. Mnyama azaaye mmoja kwa miaka miwili au mitatu huweza kumalizwa upesi na waya za umeme, mbwa na magari, na kukatwa kwa utepe ule wa miti. Kando ya mto Tana wako kima wa namna yao ambao misitu yao imekuwa michache, nao wamo hatarini. Diani, ambako barabara yapita katikati ya msitu, shirika la kuwatunza mbega lililoanzishwa mwaka 1997 limetundika ngazi za kamba juu ya barabara ili wanyama wavuke bila kukanyagwa, na kima huzitumia kama mbega. Huko Diani, kwa njia, mtu huweza kusimama pwani wakati wa kupwa akawa na kima mtini nyuma yake na jongoo mchangani mbele yake, na kati yao si mwendo wa dakika kumi.

Watu wakaao na kima yafaa wajue mambo machache. Usimpe chakula kwa mkono, hata kama watoto wafurahia. Kima aliyelishwa na mtu hamhesabu mtu kuwa rafiki. Humhesabu kuwa mti wenye matunda, na mti usipotoa matunda hutikiswa. Ndivyo wanawake na watoto wanavyonyang'anywa mifuko na kuumwa. Pipa la taka liwe na kifuniko kizito. Dirisha la jikoni litiwe wavu wa chuma. Mtu akiumwa, jeraha lioshwe mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa muda wa robo saa, kisha aende hospitali bila kungoja kuona kama litavimba, kwa kuwa kuumwa na mnyama huweza kuleta kichaa cha mbwa. Kuwaua au kuwatega ni kuvunja sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013. Anayesumbuliwa kupita kiasi awapelekee habari Shirika la Huduma za Wanyamapori, KWS.

Kwa jongoo hakuna dirisha la kufunga, na ndiyo maana kazi yake ni ngumu zaidi. Kilicho na maana kwake ni ujirani. Eneo dogo la bahari likiachwa kabisa bila kuokotwa, majongoo wakubwa waliomo wakawa karibu karibu, huzaa kwa faida ya maeneo ya jirani, kwa sababu viluwiluwi huchukuliwa na mkondo. Kuwatawanya wavuvi kila mahali, kila mtu achukue kidogo, kwaonekana kama haki, lakini kwa kiumbe huyu hudhuru zaidi kuliko kufunga mahali pamoja. Vikundi vya wavuvi vya vijijini, viitwavyo BMU, vina uwezo wa kukubaliana juu ya mahali hapo na juu ya ukubwa ambao jongoo mdogo kuliko huo hurudishwa majini. Njia nyingine ni ufugaji. Beit-el-Ras, Unguja, kiko kituo cha kutotoa mayai ya majongoo na kulea wachanga. Na katika vijiji vya kusini magharibi ya Madagaska watu hulea majongoo ndani ya nyua za nyavu baharini mpaka wafikie uzito wa kuuzwa. Mwenye ua hulala bila hofu ya jirani kumwahi, na kwa sababu hiyo huweza kungoja. Wizi ndio adui mkubwa wa ufugaji huo, na walinzi hukesha.

Mkwe alimwuliza mzee kama wao Gazi wangekubali kufunga sehemu ya ufuo wao. Mzee alifikiri kwa muda. Alisema kwamba wazee wangekubali, na akina mama waokotao kwa miguu wangekubali ikiwa sehemu itakayofungwa si ile iliyo karibu na nyumba zao, kwa kuwa hawana mashua. Lakini wale waliokwisha kupokea fedha za mnunuzi kabla ya kuvua watafanya nini? Deni halingoji jongoo akue. Swali hilo hakuna mtu wa Lavington aliyeweza kulijibu siku ile.

Kabla ya mzee kuondoka, mtunza bustani alipigilia wavu wa chuma dirishani pa jikoni. Kesho yake asubuhi dume yule alikuja saa ile ile. Akaugusa wavu kwa kidole, akauvuta mara mbili, akatazama ndani kwa muda mrefu mahali zilipokuwa ndizi, kisha akaruka ukuta kwenda kwa jirani. Mzee hakumwona, maana alikuwa amekwisha kupanda gari la alfajiri la Mombasa. Bamvua ilikuwa imebakiza siku mbili.